Karanga Zilizomenywa Kavu

Chumba cha mizani,
Ghala la wakulima wa karanga,
Jumapili, tarehe 14 Julai.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako, ambaye bado hajanenepa kama ulivyomwombea. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na zile zamu zako za kusimama wodini kutwa? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, Kifungo na yule mdogo wa maswali, wanakusumbua au wameanza kuwa watu? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama naye ni mzima, anakula, anasali, anakemea majirani kama kawaida, ila mimi, ukiondoa swali moja tu, hanisemeshi. Leo ni siku ya kumi na moja.

Juzi Ijumaa nilikutumia ujumbe: usiwape watoto karanga za Mama. Ukajibu kwamba umezifungia kabatini, watoto wamenuna, na kwa nini? Nikakuambia barua inakuja. Najua ulisonya. Lakini nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani Mama anakupa pole akiwa jikoni. Jambo hili nisingeweza kulisema kwa simu.

Mwaka huu kikundi chetu kimepata mnunuzi wa nje ya nchi, bila dalali katikati. Tulishangilia siku moja, kesho yake yakaja masharti, kurasa ishirini na mbili. Ndoo za kunawia mikono zenye koki. Kofia za wavu, na yake mwenyekiti wetu aliivaa mpaka nyumbani kwake. Kila mkulima na namba yake kwenye gunia. Na mimi karani nimuulize kila mtu kwa mdomo jinsi alivyovuna, alivyoanika na alivyomenya, nijaze fomu na kutia sahihi.

Kinachoogopwa ni sumukuvu. Wewe muuguzi unajua kuliko mimi jinsi inavyolila ini. Ni sumu ya ukungu, huioni, na hata ukizikaanga karanga mpaka ziwe nyeusi, yenyewe imo tu. Karanga ikipata maji, ukungu umepata nyumba. Ndiyo maana fomu ina swali moja lililopigiwa mstari: zimemenywa kavu?

Na huku anayeharibu haharibikiwi peke yake. Mkaguzi anachoma kila gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na uwazi ndani, karanga zinamteremkia kiganjani, kisha anachanganya za wote kwenye mfuko mmoja wa kupelekwa maabara. Wakulima thelathini na mmoja, mfuko mmoja. Mmoja akiwa na sumu, mzigo wote unabaki na mnunuzi anakwenda kwingine.

Sasa Dada, unalikumbuka beseni la bluu? Jioni Mama alikuwa akizinyunyizia karanga maji, anazifunika kwa gunia, asubuhi maganda yamelainika, tunamenya huku tunacheza. Alifanya hivyo kwa kutuonea huruma vidole vyetu. Mimi nilidhani beseni hilo lilishatupwa.

Magunia ya Mama, namba kumi na tisa, ndiyo yaliyotangulia kufika ghalani. Magunia sita, wakati wengine hawajamaliza hata mawili. Unajua wanavyomwita hapa: Mashine. Mwenyekiti akapiga makofi, akasema Mashine haijachakaa. Nikampima, kipima unyevu kikasema sawa. Nikamuuliza lile swali, akanijibu, "Kavu kama kichwa chako!" Ghala zima likacheka. Nami nikacheka, nikatia sahihi.

Jumatano iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya mkaguzi. Saa tatu asubuhi tukagundua ndoo moja imepasuka, nikakimbia nyumbani kuazima ya Mama. Niliingia stoo nyuma ya jiko, nikainama chini ya benchi, na hapo nikaliona beseni la bluu. Juu yake gunia, halijakauka bado. Chini ya gunia mabaki ya maganda, yameota ukungu wa kijani. Nilikaa sakafuni na ile ndoo mapajani kama mtu aliyefiwa.

Nilimkuta Mama ghalani kwenye benchi na wanawake wenzake, kofia ya wavu kichwani. Nikamwita pembeni. Nikamwambia nimeliona beseni.

"Nikazianika zikakauka," akasema. "Kipimo chako chenyewe kimekubali."

"Kipimo kinapima maji, Mama. Sumu hakiioni."

"Nimewalisha nyinyi karanga hizo hizo. Nani alikufa?"

Nikamsihi aseme mwenyewe kwamba zake zina kasoro, aziondoe taratibu, hakuna atakayeuliza. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Thubutu," akasema, akarudi kukaa.

Mkaguzi ni mwanamama mfupi, mpole, asiyecheka. Alinawa, akavaa glavu, akaanza. Namba moja, namba mbili. Kila bambo lilipochoma gunia nilihisi kama linanichoma mimi. Nilikuwa namfuata na daftari, naandika, hata saba zangu zikawa kama moja. Nakwambia ukweli, Dada, kwa kuwa siwezi kumwambia mwingine: nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia huenda hazina kitu. Nikamtazama Mama, naye amejitia hamnazo, anaongea na jirani yake. Namba kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane tulikaa muda mrefu, mkaguzi alipata jiwe, akaniambia niliandike. Kisha akahamisha mguu kwenda kwenye gunia linalofuata na kuinua bambo.

"Hizi usizichanganye," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Ni za nani?"

"Za mama yangu. Zilinyunyiziwa maji. Nami ndiye niliyetia sahihi kwamba ni kavu."

Mwenyekiti akashika kichwa. Mkaguzi hakunigombeza, na angenigombeza ingekuwa afadhali, aliandika tu, akaagiza magunia sita yatengwe na sampuli yake iende peke yake. Mama akasimama, akavua ile kofia ya wavu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi na kutoka. Hakuniangalia.

Majibu yalikuja Ijumaa. Za wenzetu zimepita, zinasafiri wiki hii. Namba kumi na tisa ilikutwa na sumu mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Nilikwenda kumwambia Mama mwenyewe, roho mkononi, nikijua atanifukuza. Alikuwa amekaa mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha uso ukambadilika, akasema neno lake la kwanza kwangu tangu Jumatano ile.

"Na zile nilizowapelekea watoto?"

Ni za beseni hilo hilo, Dada, ule mfuko jirani yetu aliokuletea. Alinisimamia mpaka nikakuandikia ujumbe, na hakwenda kulala kidogo mchana, kama anavyofanya siku zote, mpaka ulipojibu. Tafadhali usiziweke kabatini, zitupe mahali ambapo hata kuku hatazifikia. Kama walishaonja chache, mkaguzi anasema usitishike, ubaya wake ni wa kula mara kwa mara kwa muda mrefu.

Jana nilimchungulia Mama dirishani. Alikuwa na karanga kavu mezani, anajaribu kumenya moja. Kidole gumba hakifiki kwenye kidole cha shahada. Anaigandamiza kwa kiganja, inamponyoka, anaifuata sakafuni, anaanza upya. Hapo ndipo nilipoelewa. Mama hakuwa na haraka wala ukaidi. Mikono imemwisha, na mtu anayeitwa Mashine angeanzia wapi kusema? Nakula naye meza moja kila siku na sikuona. Nilikuwa nasoma kurasa ishirini na mbili. Nimeona aibu, Dada, aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika, mlango ukafunguliwa. Ni Mama. Ameweka mfuko mdogo mbele yangu, juu ya barua hii, ndiyo maana utaona vumbi. Kisha akavuta fomu moja kutoka kwenye rundo langu, akaisukuma mbele.

"Niulize," akasema.

Nikamuuliza. Umevuna lini. Umeanika wapi. Nilipofika kwenye lile swali nikaweka kalamu chini.

"Zimemenywa kavu?"

"Kavu," akasema. Safari hii hakutania. Nikatia sahihi yangu, naye akatia yake chini, kalamu ameishika kwa ngumi nzima kama mtoto anayejifunza. Akaniuliza kama nimekula.

Ukizungumza naye usimtajie vidole. Lakini kama huko kwenu kuna daktari wa viungo, muulize, uniandikie mimi. Msimu ujao nitamenya zake mimi, na atakayemwita Mashine nitamwacha amwite.

Msalimie Shemeji, na mwambie redio yake bado ninayo. Msalimie Kifungo na mwenzake. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuondolee maumivu ya mgongo. Karanga hizi za kwenye mfuko, anazowatumia watoto badala ya zile, ni kikombe kimoja tu, na fomu yake imo ndani ya mfuko. Zimemchukua tangu Ijumaa hadi leo. Waambie watoto bibi yao amezimenya moja moja, nao wazile hivyo hivyo.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mdogo wako, karani.