Mchanga wa Mirihi

Rissne, Jumanne usiku

Eti mimi ndiye mjuzi wa mchanga, kwa kuwa natoka Afrika! Bosi wangu Mswidi, Anders, alisema hivyo wiki jana, tena akitabasamu. Mimi wa Bukoba, ambako mvua haikupi nafasi hata ya kuanika nguo.

Nikamjibu palepale kikaoni, mbele ya wote: helikopta yetu ndogo ya Mirihi hujua ilipo kwa kutazama mawe yaliyo chini yake. Tukiipitisha juu ya mchanga mtupu, itapotea. Wakanywa kahawa yao, njia ya kuipitisha ikabaki ileile.

Leo tumeijaribu kwenye kompyuta. Ilipofika juu ya matuta laini ikayumba, ikapotea, ikaanguka. Anders akasema kwa upole, "Njia hii tuliichagua sote."

Nimemsimulia mume wangu. "Mama Neema, si ungepiga meza?" Nipige meza, halafu waseme yule Mwafrika ana hasira?

Na hasira ninayo. Sote! Tangu niajiriwe nangoja Anders anihesabu kuwa mmoja wao. Leo, helikopta ikiwa imelala kifudifudi mchangani, amenihesabu.