Sherehe Nimeiweka Siku ya Seva

Binti yangu kapewa ukuu wa seva! Haya, sasa salamu, mshauri mpendwa, furaha imenitangulia, naomba msaada maana nimejiingiza pabaya mwenyewe. Shule niliiacha mapema lakini mwanangu akieleza naelewa: kampuni yao ina maduka ya dawa mengi, kila duka linatuma habari kwenye kompyuta kubwa ziitwazo seva ili dawa ikiisha huku na kule wajue, na hizo seva zinagawana kazi, naye anazitazama kwenye skrini isije moja ikalemewa huku zingine zimekaa tu. Basi wifi yangu akasema mbele ya watu, “Kusoma kote kule, kumbe kaenda kulinda mashine!” Damu ilinichemka, nikatangaza sherehe palepale, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikaalika ukoo mzima na majirani, binti sijamuuliza. Kumwambia, akashika kichwa.

“Mama, siku hiyo maduka yote yanahesabu dawa na kutuma kwa mpigo. Siondoki pale. Fanya Jumapili.”

“Si zinagawana zenyewe?”

“Zinagawana, lakini mwezi uliopita moja ilibeba mzigo wote, zingine zinapiga miayo, na taa zote za skrini kijani, kana kwamba mambo ni shwari! Habari zikachelewa, wagonjwa wakaelekezwa duka la pili kufuata dawa iliyokwisha huko pia.”

Sasa nimpigie mkubwa wake amruhusu? Namba ninayo, na mdomo ninao. Wifi akija asimkute, uso nitauweka wapi?

Mama Mkuu wa Seva

Mama Mkuu, hongera sana, na hiyo simu weka chini. Unataka kazini wamjue kama bosi anayeombewa ruhusa na mama yake? Maneno ya wifi yanachoma, nakuelewa, lakini umealika watu kwa hasira, tena kwa ajili ya mtu ambaye hukumuuliza. Hapo umekosea. Binti hajakataa sherehe yako, amekataa wagonjwa wazungushwe bure. Mweleze wifi kama ulivyonieleza mimi, maana hata mimi seva nimezijua kwenye barua yako. Leo hii mwombe binti radhi, kisha piga simu kwa kila uliyemwalika, usimsingizie mtu, sema tu, “Siku niliikosea mimi.” Jumamosi mpelekee chakula kazini, kiache mlangoni, urudi zako. Na wageni wote, wifi akiwa wa kwanza kuambiwa, waje Jumapili, saa nane mchana.