Soko la Kujaribia Kanuni

Hedaru, Jumamosi, mwishoni mwa Julai

Baba Nanzia,

Kanuni tumeibadilisha kabla haijamuumiza mtu. Namshukuru Mungu.

Tangu soko liachiwe huria, wenye malori wananunua vitunguu vyetu kwa bei waitakayo. Leo kikundi chetu cha akina mama wa vitunguu kilitaka kupitisha kwamba atakayeuza chini ya bei tuliyopanga afukuzwe. Niliogopa. Nikaomba kwanza tuiigize, kama ulivyofundisha hesabu darasani kwa soko la watoto.

Kila mama nilimpa karatasi ya siri: huyu ana mgonjwa, yule hana haraka. Mtani wetu Mchaga, fundi baiskeli, akawa mwenye lori. Akajilaza juu ya gunia.

"Nasubiri," akasema. "Wapare mnavyopenda kesi, mtaishia kushtakiana tu!"

Mama Kiondo, aliyepata karatasi ya mgonjwa, akamfuata kimya akauza kwa bei ya chini. Jirani yake alipomwona, naye akauza. Mara wote tumeuza.

"Basi huyo afukuzwe!" mwenyekiti akasema.

"Nifukuze, mama, lakini mtoto nimeshamfikisha hospitali."

Tulicheka, kisha tukakusanya karatasi.

Tukarudia. Safari hii, magunia ya mwenye shida tuliyanunua wenyewe kwa bei ya kikundi, kama msaragambo, mzigo wa mmoja kubebwa na wote. Mtani alisubiri mpaka akachoka, akapandisha bei. Tukapitisha hiyo.

Malori ya kweli huenda yakatukimbia. Sijui. Lakini leo hakuna mama aliyefukuzwa.

Nakukumbuka kila siku, mume wangu. Nawe huko uliko, unikumbuke.