Aliyenipigia Gololi Nyeusi Ndiye Aliyemuuguza Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo naapishwa kuwa Frimasoni katika loji, yaani tawi lao, ileile aliyokuwamo marehemu mume wangu Gaspard miaka thelathini, loji ya wanaume peke yao mpaka mwaka jana walipokubali kupokea wanawake, na mimi ndiye wa kwanza, nina miaka hamsini na tisa, ni daktari wa mifugo, na jambo hili nimelitamani tangu ujana, kila nilipomwona Gaspard akirudi Alhamisi kutoka mkutanoni ametulia kama mtu aliyepata kusikilizwa, wakati mimi sikuwa na pa kusemea.

Shida yangu ni Firmin. Gaspard alipopooza, huyu ndugu yake wa loji alikuja kila mchana kwa miaka miwili, akamnyoa, akamgeuza kitandani, akamsomea gazeti, ndipo mimi nikaweza kwenda kazini, na siku ya mazishi aliketi jikoni kwangu akalia mpaka nikamshika mkono, na hadi leo namshukuru kila ninapoamka. Loji waliponipigia kura, gololi nyeusi, ile ya kukataa, ilitoka moja tu, haikutosha kunizuia, nami sikutaka kujua ni ya nani, lakini kesho yake Firmin akaja, hata koti hakuvua.

“Shemeji, ile nyeusi ni yangu. Nimeona uisikie kwangu mwenyewe.”

“Nimekukosea nini, Firmin?”

“Hujanikosea. Ila pale ndipo mahali pekee ninapoweza kulia bila mwanamke kuniona. Ukiingia, mimi natoka.”

Sasa najiuliza, nitamfukuzaje mtu aliyenifaa hivyo? Nijitoe?

Maryvonne, Tulle

Bibi Maryvonne,

Hongera, na pole pia. Ila nikugombeze kidogo. Umesubiri nafasi hii tangu ujana, umehojiwa, umepigiwa kura, umekubaliwa, halafu unataka kurudi nyumbani kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hata hakukuomba ujitoe? Msome tena. Amesema atatoka yeye. Hayo ni maamuzi yake, usiyabebe.

Tena Firmin ni muungwana. Kura ilikuwa ya siri, angeweza kunyamaza akaendelea kunywa kahawa yako. Amekuja kukuambia usoni. Mtu wa namna hiyo anastahili ukweli, na wewe umemnyima. Sioni katika barua yako ulipomwambia kwamba umelitamani jambo hili miaka yote hiyo. Huenda anadhani unamfuata Gaspard tu.

Na hilo la kulia, mbona ameshalia mbele yako? Ulimcheka? Ulimtangaza? Ulimshika mkono. Mkumbushe, kwa upole.

Nenda kwake leo. Mshukuru kwa yote, kuanzia kunyoa mpaka gazeti, bila haraka. Kisha mwambie, “Jumamosi naingia, na ningefurahi kukukuta.” Usiombe ruhusa, usibembeleze.

Asipokuja, Jumapili mtembelee nyumbani kwake, na Jumapili inayofuata pia. Akikufungulia, ingia uketi. Asipokufungulia, gonga tena.