Miale ya Gama Haifiki Rusinga

Rusinga, 3 Machi 2025

Mkaza mwanangu Robi,

Salamu nyingi kutoka kisiwani kwa barua pepe. Sisi ni wazima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Huko Arizona mko salama? Mwanangu Cephas alinipigia kuniambia una ujauzito, nikaimba hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu huyo mume wako akaongeza kwamba masomo yako ni ya miale ya gama. Furaha ikaniisha. Dada yangu alipotibiwa kansa kwa hiyo gama, daktari mwenyewe alitoka chumbani akafunga mlango. Kama daktari anakimbia, mtoto wa tumboni atakimbilia wapi? Nakuomba uache hiyo kazi mpaka ujifungue.

Mama yako, Bathsheba

Tucson, Arizona, 5 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tu wazima, ila kichefuchefu hakinipi nafasi. Mama, hapa ofisini hakuna gama. Inatoka juani. Jua likilipuka hurusha chembe zenye umeme, ziitwazo ioni, kwa kasi ya ajabu. Zinagonga viini vya atomi huko huko juani, navyo vikigongwa hutoa miale ya gama. Kila aina ya kiini ina miale yake, kama vile wewe ukiwa nje unavyojua kwa mlio ni sufuria gani imeanguka jikoni. Kazi yangu ni kusikiliza sufuria. Siiachi, lakini usihofu.

Mtoto wako, Robi

Rusinga, 30 Machi 2025

Robi,

Habari za siku nyingi? Nilinyamaza kwa hofu, na pia kwa aibu. Uliposema gama inatoka juani, niliacha kuanika nje omena, dagaa wa ziwa letu. Nilizitandaza chini ya banda, na wanawake wenzangu wa ufukweni wakanifuata. Zimeoza zote, bata ndio wameshiba. Hayo nayavumilia. Lakini nasikia jua la huko ni kali kuliko letu, na wewe unatembea chini yake na hilo tumbo. Niambie ukweli, mjukuu wangu yuko hai?

Mama

Tucson, 30 Machi 2025

Mama,

Nisamehe sana. Nilisahau kukuambia jambo la maana kuliko yote: hewa huizuia miale hiyo huko juu kabisa. Ndiyo maana chombo chetu cha kuipima kimepandishwa kwenye setilaiti. Kingekaa chini kisingeona kitu. Haifiki Tucson, haifiki Rusinga. Jana nilifanyiwa skani. Moyo wa mtoto unadunda vizuri, na Cephas alilia mbele ya daktari. Anika omena zako.

Robi wako

Tucson, 19 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo, na pole kwa kungoja. Nimejifungua salama, msichana. Cephas anasema mtoto analia kwa sauti yako. Sasa tuna kesi. Kwenu Waluo mtoto hupewa jina la saa aliyozaliwa. Hapa ilikuwa saa nane usiku, kwa hiyo ni Atieno, wa usiku. Lakini Rusinga ilikuwa saa sita mchana, saa ya Achieng', wa jua la utosini. Mimi ni Mkuria wa Kegonga, kesi hii siiwezi. Aitwe nani?

Robi

Rusinga, 20 Agosti 2025

Mama Atieno,

Asante Mungu, na asante wewe. Nimecheka, nimelia, kisha nikakaa chini nikapumua. Mzigo niliobeba tangu Machi umeshuka leo. Hayo mambo ya hewa nimeyaelewa na nimeyakubali, lakini nyanya ni nyanya. Mwite Atieno. Saa ile alipozaliwa, jua lote lilikuwa huku kwangu, na mimi nilikuwa nje nikilichunga.

Nyanya wa Atieno