Jina Nililoliita Uwanjani

Kiwandani, Moshi
14 Septemba 1977

Kaka Athanas,

Shikamoo. Huku wameanza kuchoma miwa, na majivu yanatua hata kwenye uji. Mwambie mama blanketi limefika.

Nimesikia umefungiwa ligi mwaka mzima, na timu yenu ya Kilema imenyang'anywa pointi. Ulicheza kwa leseni ya Theodory wa baba mdogo kwa kuwa yako ilichelewa, na nje ya timu yenu hakuna aliyejua ila mimi, golikipa wa kiwanda. Mlikuwa mmeshanifunga mawili. Ndipo nikaita, "Kaka Athanas, taratibu!" Refa akageuka, akafungua orodha yake ya majina.

Nyumbani nilisema jina lilinitoka kwa mazoea, na mama akanitetea. Halikunitoka, kaka. Nilimsubiri refa asogee karibu.

Jana nilichuma jani la sale nikalitia kwenye bahasha hii, kukuomba msamaha. Asubuhi nimelitoa. Wewe unajua desturi yetu: ukishapokea sale huna ruhusa ya kukataa. Mimi nataka uweze kukataa.

Mdogo wako asiyethubutu kupanda huko mlimani,
Crispin