Stika ya Miezi Sita

Ijumaa, 2 Oktoba 1998

Kesho Cardiff! Mimi dereva, Mama, na Ami Abdulwakil msemaji wetu. Tunakwenda kumposea mdogo wangu Musab mchumba, Miska, binti wa Mzee Mahir. Musab mwenyewe anabaki hapa nyumbani Walthamstow. Sasa hivi anapiga pasi shati ambalo haliendi popote. Masikini.

Mwaka jana Leicester walitukataa. Tulifika tumechelewa saa tatu nzima, wakasema sisi watu tusio na mpangilio. Wallahi maneno yale bado yananichoma. Na huyu Mzee Mahir alifanya kazi melini miaka thelathini, saa kwake ni saa. Safari hii sitaki kosa hata moja. Mafuta nimejaza, upepo nimepima, bima na cheti cha ukaguzi wa gari (MOT) vimo kwenye bahasha garini. Dua ya safari ipo tangu Julai — Mama aliichomeka kiooni, nyuma ya stika ya road tax, ile kodi ya barabara, imeelekea ndani niisome.

Jumamosi, 3 Oktoba

Naandika Cardiff, chumbani kwa Miska. Kulala hatukupanga!

Tulifika nusu saa kabla. Ami alisema vizuri, alisita mara mbili tu. Mzee Mahir akajibu kama desturi: wamesikia, jibu litakuja kwa wakati wake. Tukala biriani. Nikaanza kupumua.

Kisha wakatusindikiza. Laiti wangetuaga mlangoni! Nyumba nzima ikatoka nasi mpaka kwenye gari, Mzee Mahir mbele. Akasimama penye kioo. Akavaa miwani. Akaniuliza, taratibu kabisa, mwanangu, huu mwezi gani?

Stika iliisha Agosti. Agosti! Kwa nje kila mtu anaisoma. Sisi ndani tunasoma dua. Barua ya kukumbusha bila shaka ilikwenda Lewisham, nyumba ya zamani. Na kazi yangu mimi kaunsili ni hiyo hiyo, kuwaandikia watu barua za kuwakumbusha!

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akasema dua ndiyo iliyotufikisha. Ami akakohoa. Hapo nikamkumbuka polisi aliyekuwa nyuma yetu kutoka Reading mpaka Swindon — nami nilimpungia mkono!

Mzee Mahir akanyoosha kiganja: ufunguo. Gari halisafiri hivi; stika hulipiwa posta, na posta imeshafungwa mpaka Jumatatu, mtalala. Akaingia ndani. Sikujua kama amekasirika au vipi. Watu wasio na mpangilio, ndilo neno lililokuwa kichwani mwangu tu.

Jumapili, 4 Oktoba

Nimempigia Musab. Nikamwambia gari lina hitilafu kidogo. Akauliza, wametukataa? Nikasema hawajasema kitu. Nikataka kulia.

Mama na mama yake Miska wako jikoni wanabishana habari ya nazi ya kopo. Ami na Mzee Mahir wanacheza karata tangu asubuhi, na la posa hakuna anayeligusa. Miska amenikopesha gauni. Anacheka kwa Kiingereza, anakasirika kwa Kiswahili. Nimempenda. Ndiyo maana naogopa zaidi.

Jumatatu, 5 Oktoba

Naandika garini, nje ya posta. Raha niliyo nayo!

Mzee Mahir aliliendesha gari mwenyewe mpaka hapa, mtaa wa pili tu, kisha akautia ufunguo mfukoni mwake. Karani akapitia karatasi bila hata kunitazama. Hakuna polisi, hakuna kesi. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kujitetea tangu usiku, yote yakabaki mdomoni. Alhamdulillahi!

Kisha karani akauliza, miezi sita au mwaka?

Mimi siku zote sita. Gari lenyewe nani ajuaye kama litafika mwaka. Nikafungua mdomo, Mzee Mahir akanitangulia, kwa Kiingereza chake cha melini: mwaka. Akanigeukia.

"Mwaka mzima, mwanangu. Njia hii mtaipita sana."

Karani ikabidi aniite mara mbili niweke sahihi.

Stika mpya ameitia mwenyewe. Dua ya Mama ameipangusa, akaichomeka pembeni, tarehe sasa inaonekana ndani na nje. Kisha akavuka barabara akaingia kwenye kibanda cha simu. Namwona kupitia kioo. Sijui anaongea na nani. Jibu lenyewe lazima apewe Ami, ndiyo adabu, mimi si wa kuambiwa. Basi nimesikia nini pale dirishani? Na Musab anangojea simu yangu! Nikimwambia kisha isiwe?

Mzee anacheka peke yake mle kibandani. Amekata simu. Amefungua mlango, ananiita kwa mkono, ananipigia kelele toka ng'ambo — Kulthum, ami yako nimeshampa jibu, nipe namba ya Musab —